Chupa Zilizo Chini ya Kitanda cha Jolly

Kipande cha chupa kiliingia kwenye udongo wa ukuta wa jikoni, kikakaa humo kama kisu. Nilikipima kwa mkono. Kilikuwa kwenye urefu wa uso wa mtu aliyekaa, na kigoda changu kilikuwa pale pale chini yake. Nilikuwa nimeinuka tu kwenda kuchukua kuni.

Sakafu ilijaa povu na harufu ya pasheni. Shingo ya chupa ilianguka kwenye majivu, kizibo bado kiko ndani yake, kimefungwa kwa waya nilioufunga mimi mwenyewe. Waya ulishika vizuri. Kizibo hakikutoka. Chupa ndiyo iliyoshindwa.

Ndipo nikakumbuka zile nyingine thelathini na tano. Nikakaa chini humo humo kwenye povu.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa kumi na mbili, mwaka 2015. Jumamosi dada yangu Jolly alikuwa anaolewa. Baba yetu alipokufa, Jolly alichukuliwa na baba mdogo Blasio, akakulia Bwera, chini huko karibu na mpaka. Mimi nilichukuliwa na senga Alisi, dada yake baba, nikakulia Bwesumbu, juu mlimani. Shule niliiacha darasa la tano. Tangu hapo kazi yangu ni shamba na divai ya pasheni ya senga.

Chini huko watu wengi wanatengeneza divai, lakini yao ni ya haraka. Joto linaisukuma, wiki mbili imekwisha, nayo ni kali na inanuka hamira. Ya senga inakwenda polepole. Kwenye stoo yake kuna shimo lenye mchanga, na madumu yanakaa ndani ya mchanga huo mpaka shingoni. Kila asubuhi naumwagia maji ya mto, maji ya mlimani yanayoumiza vidole. Senga husema ukiharakisha divai, harufu ya tunda inakimbia na utamu unaifuata.

Kuiangalia ilikuwa kazi yangu. Kila dumu lina mpira mwembamba wa dripu tuliopewa zahanati. Unatoka kwenye mfuniko na kuingia kwenye chupa ya maji, na pumzi ya divai inatokea pale, povu moja moja. Mimi nakaa kando na kuhesabu pumzi zangu. Likitoka povu kwa kila pumzi, divai inakimbia, naongeza maji kwenye mchanga. Likitoka moja kwa pumzi tano, naiacha. Mbele ya dumu sioni haya. Mbele ya watu ndipo maneno yangu hukaa kooni mpaka watu wameshaondoka.

Kwa ajili ya harusi senga alitaka divai tamu kuliko zote alizowahi kutengeneza. Tulitia sukari nyingi. Mwezi wa tisa povu lilikuwa zuri. Mwezi wa kumi likapungua. Halafu mwezi wa kumi na moja ukungu ulishuka, ukakaa juu yetu siku tisa bila jua, na povu likasimama. Nilihesabu pumzi mia mbili, hakuna kitu.

Senga alionja, akafumba macho.

"Imeacha yenyewe ikiwa bado tamu," akasema. "Ronah, njoo uonje. Hii Mungu ametusaidia."

Nilionja. Ilikuwa tamu sana, lakini ilichoma ulimi kidogo kama soda. Nikashika dumu. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikaitikia kwa kichwa, kwa sababu senga alikuwa anacheka na alikuwa hajacheka tangu goti lake lianze kumsumbua.

Jumapili iliyofuata nilimimina kikombe, nikakiweka karibu na moto wakati nachambua maharage. Kikombe kilipopata joto, divai ikaanza. Povu dogo dogo lilipanda kutoka chini, likajipanga ukingoni, likapasuka, na lingine likapanda. Nilikitazama kikombe kile mpaka nikasahau maharage. Divai haikuwa imekwisha. Ilikuwa imelala kwa baridi.

Senga alikuwa nje anaosha chupa, anaimba. Nilitoka mpaka mlangoni.

"Unasemaje?" akauliza.

"Hakuna."

Nikarudi ndani, nikainywa yote kama mtu ambaye hakuona kitu.

Chupa tulizipata kwenye hoteli za Kasese, chupa za kioo za kila rangi. Mwaka wa nyuma, tulipopeleka divai ya Krismasi, mawe ya barabara yetu yaliitikisa mpaka vizibo vikaruka vyote kabla ya kufika lami. Baba mdogo alikasirika. Kwa hiyo safari hii alituma koili ya waya, ule wa kufungia nondo, akasema kila kizibo kifungwe. Nilifunga mimi. Nilipitisha waya juu ya kizibo, nikauzungusha shingoni, nikausokota kwa koleo mara tatu upande wa kushoto. Chupa thelathini na sita, zote sawasawa. Jumanne gari la mihogo lilibeba thelathini na tano kwenda Bwera. Moja nilibaki nayo kwa ajili ya kwaya yetu, nikaiweka kwenye ubao juu ya jiko.

Hiyo ndiyo iliyopasuka Alhamisi asubuhi.

Senga alikuja akichechemea kutoka shambani. Alitazama shingo ya chupa, akatazama ukuta.

"Zile nyingine ziko wapi?" akauliza polepole.

Alijua. Baba mdogo alikuwa amepiga simu Jumanne usiku kujisifu. Divai, alisema, ameiweka chini ya kitanda cha Jolly, kwa sababu hicho ndicho chumba chenye kufuli na hakuna kijana mlevi atakayethubutu kuingia kwa bibi harusi. Na Jolly mwenyewe alikuwa humo. Kwa desturi ya nyumba yetu bibi harusi anakaa ndani siku nne, haonwi na upande wa bwana. Alikuwa amekaa kwenye chumba cha bati lisilo na dari, Bwera, mwezi wa kumi na mbili, juu ya chupa thelathini na tano.

Senga alipiga simu ya baba mdogo. Haikupatikana. Ya Jolly walikuwa wamemnyang'anya na kuizima, ili asiongee na bwana wake. Akapiga tena, na tena, mpaka betri ikalia.

"Goti langu halitafika," akasema. "Nenda wewe. Mwambie Blasio chupa zitolewe."

"Senga, mimi nitasemaje mbele yao?"

"Utasema hivyo hivyo nilivyosema."

Kijana mmoja aitwaye Kule ndiye aliyenibeba kwa pikipiki yake. Ni wa kilima chetu, mdomo wake haupumziki. Nilivaa sweta na koti, na baridi ilikuwa bado inatoa machozi.

"Dada, kuna nini Bwera?" akauliza. "Umesikia bwana wa Jolly ana kaka?"

Nilikuwa napanga maneno. Baba mdogo, senga amesema chupa zitolewe. Nilikuwa nayarudia kama mtoto aliyetumwa dukani.

"Nimewahi kubeba mbuzi wakaongea kuliko wewe," akasema Kule.

Tulishuka. Nilianza kuogopa kweli pale nilipolazimika kufungua koti. Kona chache chini, nikavua sweta. Hewa ilikuwa inapashwa kidogo kidogo, na kila ilipopashwa niliona kikombe kile karibu na moto. Divai ile ilipita njia hii hii siku mbili zilizopita. Pale penye migomba ilikuwa bado imelala. Pale tulipofika lami labda ilianza kugeuka. Kasese mjini joto lilitoka chini kwenye barabara na kunipiga miguuni, na nikasikia jasho linatiririka mgongoni. Ilikuwa saa nne na nusu.

Kule alisimama kutia mafuta. Aliniangalia usoni, akaacha kucheka.

"Nani amekufa?"

"Bado," nikasema.

Nikamwambia, maneno machache. Alisikiliza, akafunga mfuniko wa tangi mwenyewe bila kumngoja mhudumu.

"Shika vizuri," akasema, na hakuongea tena.

Kikorongo tulipinda kulia. Malori ya chumvi ya Katwe yalikuwa yamepumzika kando ya barabara, madereva wamelala chini yake kwenye kivuli, kwa sababu nje hapakukalika. Nilitazama jua. Saa sita inakuja, nilifikiri, saa ya bati kulia. Nilimwomba Mungu alete wingu. Mbingu ilikuwa nyeupe kabisa.

Nyumba ya baba mdogo iko karibu na soko la Bwera. Nilishuka kwenye pikipiki. Lango lilikuwa wazi. Kati ya lango na mlango wa nyumba, kwenye varanda, walikuwa wamekaa wazee saba kwenye viti vya plastiki. Walikuwa upande wa bwana, wamekuja kumalizia maneno ya mbuzi wa mahari. Baba mdogo Blasio alikuwa katikati yao, amevaa koti la suti katika joto lile.

Msichana wa kwetu hapiti mbele ya wazee. Anapiga goti, anawasalimu mmoja mmoja, anaulizwa habari za kila mtu wa kila nyumba, anajibu macho yakiwa chini. Wazee saba. Nilipiga goti mbele ya wa kwanza. Akanishika mkono.

"Wewe ni wa nani?"

"Ni wa kwetu huyo," baba mdogo akasema. "Ronah, wa Bwesumbu. Mpole sana. Hata akikanyagwa hasemi."

Wakacheka vizuri. Nikafungua mdomo. Baba mdogo, senga amesema. Sauti haikutoka. Mzee alikuwa bado ameshika mkono wangu, ananiuliza mvua ikoje huko juu mlimani.

Ndani ya nyumba kitu kikalia, kama sahani iliyoanguka.

Nilivuta mkono wangu. Nilisimama, nikapita mbele ya wale sita bila kupiga goti, nikaruka miguu ya mmoja, nikaingia ndani.

"Huyu mutoto iko na shida gani?" nikasikia nyuma yangu. "Hasalimu watu?"

Kufuli ya chumba ilikuwa imening'inia wazi. Jolly alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, kanga imemfunika mabega, mkono mmoja tayari uko chini ya shuka lililoning'inia. Chini yake sakafu ilikuwa inalowa.

"Ronah," akasema, akatabasamu. "Umekuja mapema. Panya wameangusha chupa, ngoja nizivute huku."

"Jolly, toa mkono."

"Nini?"

"Toa mkono wako polepole. Usiziguse."

Labda ni kwa sababu hakuwahi kunisikia nikimwamuru mtu. Alitoa mkono. Nilisikia kwa masikio yangu mlio mwembamba kutoka chini ya kitanda, kama nyuki wachache ndani ya kibuyu. Chumba kilikuwa kama tanuri. Nilimvuta nyuma, nikashusha godoro kutoka kitandani, nikalisimamisha kati yetu na zile chupa.

"Tutoke," nikasema.

"Siwezi kutoka. Wako hapo mbele."

"Tutoke, Jolly."

"Wazee wa bwana wataniona. Baba mudogo ataniua."

"Zitakuua kwanza hizi."

Nikamvika shuka kichwani mpaka miguuni, nikamsukuma mbele yangu. Alitembea kama kipofu, na mimi mgongo wangu ulikuwa unangoja. Nilihesabu hatua mpaka mlango wa chumba, mpaka sebuleni, mpaka varanda. Tulipotokea, wazee wote saba walitukodolea macho. Kuna mmoja aliyegeuza uso ukutani kwa heshima.

Baba mdogo alisimama. Sura yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Umefanya nini?" akasema chini chini. "Umemtoa bibi harusi nje?"

"Chupa zinapasuka, baba mudogo. Divai haijakwisha. Ililala kwa baridi, sasa imeamka."

"Nani amekufundisha mambo ya divai? Uliacha shule darasa la tano." Akawageukia wageni, akajaribu kucheka. "Mutusamehe. Ni watu wa mlimani, wanaogopa hata redio. Chupa moja imevunjika, naenda kuitoa."

Akaelekea ndani. Nilimshika koti kwa nyuma, kwa mikono miwili, nikakaa chini kama mbuzi anayekataa kuvutwa. Mshono ukaachia begani. Nilisikia mzee mmoja akisema, "Haya, sasa," kwa sauti ya mtu anayeona jambo la kusimulia nyumbani.

Baba mdogo alikuwa ameinua mkono kunipiga wakati ya pili ilipopasuka. Kisha ya tatu, na mbili kwa pamoja. Kitu kilipiga bati kwa ndani na kuanguka. Divai ilitoka chini ya mlango wa chumba, ikatambaa sebuleni, ya rangi ya manjano, inachemka.

Mkono wake ulibaki juu. Jolly ndani ya shuka alianza kulia bila sauti. Niliona shuka linavyotikisika.

"Tufanye nini?" baba mdogo akauliza. Hakuwauliza wazee. Alikuwa ananitazama mimi.

"Zipoe," nikasema. "Kama kwetu. Zifunikwe kwa magunia yaliyolowa, na mtu asiingie mpaka jua lipungue."

Jirani yao, mama mmoja mfanyabiashara wa kahawa anayeitwa Ramula, alikuwa amekuja uani kuona kelele za nini.

"Divai mimi hata harufu yake sitaki," akasema. "Lakini magunia ninayo, na kisima changu ni baridi."

Tulilowesha magunia ishirini. Kule na mimi tulibeba meza ya sebuleni mbele yetu kama ngao, tukaingia, tukayatupa juu ya godoro, chini ya kitanda, juu ya kila mlio. Mengine tuliyatandaza juu ya bati na kuyamwagia maji, na bati likatoa mvuke. Halafu tukakaa nje na kusikiliza. Ilipasuka moja saa saba. Ilipasuka nyingine saa nane, lakini sauti yake ilikuwa nzito, imefungwa na magunia. Wazee hawakuondoka. Walihamisha viti mpaka kwenye lango wakaendelea na habari ya mbuzi, na kila ilipolia waligeuza vichwa.

Saa kumi upepo ulishuka kutoka milimani. Magunia yalikuwa bado baridi. Nikasema sasa waya zifunguliwe, la sivyo kesho jua litazirudia.

"Kule atafungua," baba mdogo akasema.

"Kule hajui zilivyofungwa."

Nilifungwa blanketi kifuani, na sufuria kubwa ya ubwabwa nikaiinua mbele ya uso kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulioshika koleo niliuingiza chini ya gunia. Sikuhitaji kuona. Kila waya ulikuwa umesokotwa mara tatu upande wa kushoto, nami nilikuwa ninausokotoa mara tatu kulia, kizibo kikitazama ukuta. Nilikuwa nahesabu pumzi kama kando ya dumu. Waya wa kwanza ulilegea, kizibo kikapiga ukuta, povu likanirukia mpaka kiwikoni. Nikatafuta shingo ya pili.

Ya tisa ilipasuka mkononi. Gunia liliizuia, isipokuwa kipande kimoja kilichopita na kunipasua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ramula alinifunga kwa kitambaa. Nilitaka kukataa kurudi. Nilitazama mlangoni, Jolly alikuwa amesimama mbali, ameshusha shuka, uso wake wote mzima, hauna hata mkwaruzo. Nikarudi.

Ilipofika jioni tulikuwa na chupa ishirini na saba zilizofunguliwa. Tuliichuja divai mara mbili kwa kitambaa cha kanzu ya marehemu mume wa Ramula, tukaimimina kwenye masufuria, tukayafunika kwa kitambaa tu ili ipumue. Jumamosi watu waliinywa na povu lake kwa vikombe vya chai. Walisema ni tamu. Mimi sikuinywa. Mzee aliyenishika mkono varandani alinituma maji mara tatu, na kila mara aliniambia, "Wewe, nisalimu vizuri," nikapiga goti, akacheka.

Jumapili nilirudi mlimani. Senga alikuwa jikoni. Kigoda alikuwa amekihamishia upande mwingine, lakini kile kipande kilikuwa bado ukutani. Nilimwambia yote. Alinishika mkono uliofungwa, akautazama muda mrefu.

"Ulijua?" akauliza.

Maneno yalikaa kooni pale pale yanapokaa. Niliyangoja mpaka yakatoka.

"Niliiona kwenye kikombe, karibu na moto. Siku ile ukiosha chupa."

Senga hakuinua macho.

"Ilinichoma ulimi," akasema. "Nilipoionja. Nikajiambia ni pasheni tu."

Alichukua koleo, akavuta kile kipande. Kilitoka na bonge la udongo, kikaacha tundu kubwa kuliko chenyewe. Tulilitazama. Ndani ya stoo kulikuwa na dumu moja tulilolibakiza kwenye mchanga, na tangu Alhamisi hakuna aliyelimwagia maji. Tuliusikia mpira wake, povu kwa kila pumzi. Nikainuka kwenda mtoni.